Mpini Uliopimwa kwa Hasira

Haya yote ni kweli tupu, wala hayakutiwa chumvi, na kama yametiwa basi ni ile ya kuzuia yasioze. Anayebisha akamuulize fundi wa mipini, mzee mstaafu ambaye hajawahi kusema uongo siku ya Jumatano. Majirani zake watathibitisha, wakishamaliza kucheka.

Mambo yenyewe yalianza Jumatano.

Fundi huyo alikuwa na mpwa wake wa kike, mlinzi mwenye silaha kwenye ghala la dawa, mwaka wa kumi na moja sasa. Ghala lilikuwa na milango mitatu ya chuma, majokofu yanayonguruma mchana kutwa, na harufu ya hospitali iliyoganda kwenye sare hata ukiifua mara mbili. Katika zamu zake haikupotea hata bandeji moja. Na bado asubuhi hiyo alisimama kwenye kiwanja cha shabaha nyuma ya ghala, akitazama karatasi yenye duara. Alikuwa amepiga risasi sita. Tatu ziliingia ndani ya duara, moja ilitoboa pembe ya karatasi, na mbili hazikuonekana kabisa; huenda mpaka leo ziko safarini.

Zilitakiwa tano.

Msimamizi wa walinzi, mgeni wa miezi minne aliyekuja na vyeti vyake ndani ya mfuko wa nailoni, aliibandua karatasi na kuikunja mara nne.

"Mikono hii," akasema mbele ya watu wote, "ni ya kukanda unga."

Walinzi wawili walicheka. Mlinzi aliwaweka akilini, mmoja mmoja, na sura zao.

"Tatizo ni mpini, afande. Ni mnene. Ni mpini wa Koleo huu."

"Koleo simjui."

"Ndiye aliyekuwa na silaha hii kabla hujaja. Mimi nilikuwa na yangu. Wewe ndiye uliyetugawia upya."

"Niligawa kwa mpangilio wa herufi, daftari lieleweke. Na daftari limeshapigwa muhuri."

"Kidole changu hakifiki kwenye kifyatulio, afande."

"Basi kirefushe," Msimamizi akasema. "Silaha ni mali ya kampuni, haibadiliki. Mkono ni mali yako. Wiki tatu kutoka leo unarudia. Ukishindwa tena, unavua sare, unarudisha silaha, unaaga watu vizuri."

Hasira ilimpanda Mlinzi kutoka kwenye nyayo, ikapita magotini bila kupumzika. Alijua akifungua mdomo, sare ataivua siku hiyohiyo.

Silaha yenyewe ilikuwa rivolva, bastola ya kizamani yenye silinda inayozunguka na vyumba sita vya risasi. Koleo, aliyekuwa nayo kabla ya kustaafu, aliitwa hivyo kwa sababu ya viganja vyake. Akikusalimia, mkono wako ulipotea humo mpaka mwenyewe aamue kukurudishia. Mpini wa mbao uliotosha kiganja cha namna hiyo, Mlinzi akiushika ulimjaa kabla vidole havijauzunguka. Ili ncha ya kidole cha shahada iguse kifyatulio, ilimbidi augeuze mkono mzima pembeni, na mtutu nao ukageuka na mkono. Na kila risasi ilipotoka, chuma kilirudi nyuma na kumpiga teke kwenye mfupa wa dole gumba. Kufikia risasi ya tatu mkono ulishajua kinachokuja, ukawa unakwepa kabla hakijafika.

Alikwenda moja kwa moja stoo ya silaha. Mtunza silaha alikuwa mzee wa maneno machache aliyeishi nyuma ya dirisha la nondo kama ndege asiyetaka kufunguliwa. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akatoa kitabu cha kanuni, akalamba kidole, akafungua ukurasa ambao bila shaka hakuna mtu aliyewahi kuufungua, maana ulitoa mlio.

Kanuni ilisema: mlinzi anaruhusiwa kubadilisha vibao vya mpini kwa juhudi zake, mradi chuma kisiguswe. Vibao vya zamani virudishwe stoo. Aliyetengeneza vipya afike siku ya mtihani kutia saini.

"Msimamizi anakijua hiki?" Mlinzi akauliza.

"Ana vyeti," Mtunza silaha akajibu. "Hajasema ana kitabu."

Akashusha kopo la biskuti lililojaa mipini ya zamani, akatandaza juu ya gazeti. Kila mpini wa rivolva ni vibao viwili vinavyobana uti wa chuma huku na huku, na skurubu moja inayovishikanisha. Mlinzi akaijaribu yote. Ya plastiki ilikuwa myembamba kama alivyotaka, ila jasho likipita kiganjani iliteleza kama sabuni. Ya mpira ilikamata vizuri, ikakamata na shati la sare pia. Kila alipochomoa silaha kwenye ala, shati lilichomoka nayo. Chini kabisa kulikuwa na vibao vya mbao, laini, vyembamba kiunoni, visivyo na pambo lolote. Alivishika na mkono wake ukanyamaza. Lakini kimoja kilikuwa na ufa kutoka tundu la skurubu mpaka chini.

"Hivi ndivyo," akasema.

"Hivyo vimekufa. Nenda navyo aviige mtu." Mtunza silaha akageuza fomu ya likizo upande usioandikwa, akailaza rivolva tupu juu yake, akauchora uti wa chuma kwa penseli. "Silaha haitoki hapa. Kivuli chake kinaruhusiwa."

"Hii si fomu ya likizo?"

"Hakuna anayepewa. Chukua."

Karakana ya mjomba wake ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha moja na maranda ya mbao yanayofika kwenye kifundo cha mguu. Mlinzi aliusukuma mlango kwa bega.

"Hodi hukupiga," fundi akasema bila kuinua kichwa. Alikuwa anapiga tupa mpini wa jembe uliobanwa kwenye jiliwa.

"Mlango ulikuwa wazi, mjomba."

"Mlango ulikuwa na komeo."

"Sasa uko wazi."

Fundi akaweka tupa chini. Miaka thelathini alifanya kazi kiwanda cha zana, akitia mipini kwenye majembe na mashoka, na ufundi wa kuchonga hakufundishwa na mtu. Alijifunza kwa kuharibu kuni za watu. Na alipenda kukumbusha. Aliwahi kuchonga mpini wa shoka uliokaa mkononi kwa raha kiasi kwamba mwenye shoka alikata mti, akakata wa pili, na alipokuja kushtuka alikuwa anamalizia nguzo ya nyumba yake mwenyewe.

"Sina siku ya hadithi leo, mjomba," Mlinzi akasema kabla fundi hajaanza. Akamweleza yote, akamwekea mezani ile fomu na vile vibao vyenye ufa. "Niigie hivi. Hivihivi vilivyo."

Fundi akavishika kwa vidole viwili, kama mtu anayemshika panya mkiani. "Unaniletea maiti nimuige?"

"Vinanikaa."

"Viatu vya kuazima navyo hukaa, mpaka mwenyewe avitake. Mama, mimi nikikuchongea kitu, kitakuwa chako peke yako. Mtu mwingine akikishika, kitamkataa." Akafunua ndoo, akachota donge la udongo wa mfinyanzi, akalikanda mpaka likawa laini, kisha akalivisha kwenye kipande cha ubao alichokikata kufuata ile michoro ya penseli. "Shika. Shika kama ndiyo silaha. Usifinye, shika tu."

Mlinzi akashika.

"Haya, na huyo msimamizi alisemaje tena? Sikusikia vizuri ile ya unga."

Kosa lilikuwa hapo, na hakuna kati yao aliyeliona likipita. Mlinzi akaanza kusimulia. Aliposimulia mikono ya kukanda unga, ngumi ilikaza. Alipofika kwenye kidole cha kurefushwa, udongo ukaanza kuchomoza kati ya vidole kama tope la masika. Alipofika kwa wale wawili waliocheka, na akaanza kueleza mmojawao alivyowahi kulala zamu na yeye akamfichia siri, ubao ulilia ndani ya udongo.

"Anasema mkono ni mali yangu. Mali yangu, mjomba. Miaka kumi na moja mkono huu unafungua milango yao na kufunga milango yao, leo ndiyo nimerudishiwa."

"Usiachie," fundi akasema, macho yanang'aa. "Endelea kumtukana."

Alipofungua kiganja hatimaye, udongo ulikuwa na mifereji mitatu ya vidole, mirefu, iliyosongamana, na kati yake matuta mawili makali kama migongo ya samaki. Alama zilikuwa wazi hata mistari ya ngozi ilionekana. Fundi aliugeuzageuza mwangani. Hajapata kuona mkono uliojieleza namna hiyo.

Akauacha ukauke kivulini siku mbili. Kisha akachukua mguu wa meza moja ya kale, mti mzito wa kahawia, akaupasua, akaanza. Alichonga kwa patasi, akapunguza kwa tupa, akapiga msasa mkali, akapiga msasa laini, akapima na udongo, akarudi kwenye tupa. Yale matuta mawili aliyachonga siku nzima. Akamalizia kwa mafuta, akisugua kwa kitambaa cha shati kuukuu mpaka mti ukawa na rangi ya chai ya rangi. Ilikuwa kazi ya kuwekwa kwenye kioo watu waje kuitazama, na mwenye haki lazima aseme hivyo hata kama hampendi fundi.

Siku Mlinzi alipovipeleka vibao vipya stoo, alikuwa ametoka kugombana na Msimamizi, aliyempanga kusimama kwenye lango lisilo na kivuli wiki nzima. Aliingia stoo akihema. Mtunza silaha akakaza skurubu, akaizungusha silinda kuonyesha ni tupu, akampa. Mlinzi akashika, na mpini ukamwingia kiganjani kama ulikuwa umepotea ukaona mlango wa kwao. Kidole kikafika kwenye kifyatulio chenyewe, bila kuitwa. Akavuta mara kumi bila risasi, na ncha ya mtutu haikutikisika.

"Mjomba wangu ni mchawi," akasema.

Asubuhi ya pili alikuja amelala vizuri. Kulikuwa na upepo mzuri na hakukuwa na mtu wa kumuudhi. Akashika silaha, vidole vikakalia juu ya matuta badala ya kuingia kwenye mifereji, na matuta yakamng'ata. Akakaza, yakamng'ata zaidi. Akalegeza, mpini ukazunguka kiganjani.

"Umeubadilisha?" akamuuliza Mtunza silaha.

"Niubadilishe na nini?"

"Jana haukuwa hivi."

Mzee akamtazama kupitia nondo, akafikiri. "Msimamizi amesema wiki ijayo pia utasimama juani."

"Amesema nini?" Na ngumi ikajifunga, vidole vikasongamana, vikateleza kila kimoja kwenye mfereji wake. Mpini ukakaa.

"Nimekudanganya. Yuko likizo mpaka Jumatatu."

Mlinzi akashusha pumzi. Vidole vikatanuka, vikapanda tena juu ya matuta.

Wakatazamana.

"Alikupima ukiwa na hasira," Mtunza silaha akasema. Ndiyo sentensi nzito kuliko zote alizowahi kuzitamka bila kitabu mkononi.

Jioni ile mlango wa karakana ulisukumwa tena bila hodi.

"Ondoa matuta, mjomba."

"Matuta gani?"

"Haya. Ulinipima nikiwa nimekunja ngumi ya kumpiga mtu. Nikiwa na akili zangu hayanikai. Piga tupa, yaishe, pabaki laini."

Fundi akasimama. Mwenye kuchonga kitu siku nzima akaambiwa akifute, naye ana haki ya kusikia moto. "Hayo matuta ndiyo kazi yenyewe. Ukiyaondoa unabaki na kijiti."

"Nilikuletea kijiti. Nikakwambia uige kijiti."

"Basi kasirika. Tatizo liko wapi? Siku ya mtihani mkumbuke huyo mtu wako wa unga, piga risasi zako sita, rudi nyumbani. Hasira haipangiwi foleni."

"Na siku ya pili yake? Na mwezi ujao?" Sauti ya Mlinzi ilikuwa imeshuka, na wanaomjua hujua kwamba hapo ndipo pa kutafuta mlango. "Nitakuwa naingia zamu nimekasirika, nakula nimekasirika, nasimama saa nane nimekasirika, ili mpini wako ukae? Nimechoka kukasirika, mjomba. Sitaki kuipeleka hasira kazini kama kitambulisho."

"Mimi siharibu kazi yangu kwa mkono wangu."

"Wewe na Msimamizi mngepewa ofisi moja. Yeye anataka mkono ubadilike, wewe unataka moyo ubadilike. Kipande cha mti na daftari, hivyo haviguswi."

Akachukua vibao vyake akaondoka, na safari hii aliufunga mlango mpaka komeo likadondoka.

Mtihani ukafika. Jua lilikuwa la kukausha mate. Fundi alikuja kutia saini kama kanuni ilivyotaka, amevaa koti alilopewa siku ya kustaafu, akasimama nyuma ya kamba ya wageni. Hawakusalimiana. Mlinzi hakuwa na njia nyingine ila kufuata ushauri aliouchukia. Alikuwa ameamka na hasira yake, ameibeba kutoka nyumbani kwa uangalifu kama anayechota maji kwa viganja, hata na wenzake hakuongea, isije ikamwagika.

Msimamizi alikuwepo na Mkaguzi kutoka makao makuu, mama mmoja wa miwani aliyetaka kujua kwa nini walinzi wazoefu wameanza kushindwa mtihani mwaka huu tu.

"Huyu ana miaka kumi na moja," Msimamizi akamwambia, akifungua faili. "Hajapoteza hata bandeji. Kosa ni langu. Niligawa silaha kwa herufi, sikutazama mikono. Nimeliandika kwenye ripoti." Kisha akamgeukia Mlinzi. "Na lile neno la unga, dada yangu, nisamehe. Halikuwa la kiungwana."

Hasira yote ikamwagika. Haikubaki hata ya kulowesha ulimi.

"Lakini daftari lina muhuri," Msimamizi akaongeza, "kwa hiyo leo apige na hiyohiyo."

Mtunza silaha akampa risasi tatu za majaribio. Mlinzi akashika, matuta yakamng'ata, na risasi tatu zikaenda zilikotaka zenyewe. Mkaguzi akaandika kitu. Mlinzi akageuka, akamwona mjomba wake nyuma ya kamba amekunja mikono kifuani, na hasira mpya ikampanda, moto kuliko ile ya kwanza, kwa sababu hii ilikuwa ya damu moja. Vidole vikasongamana. Mpini ukakaa kimya.

Angeweza kudai risasi zake na kupiga palepale. Risasi sita, wamalize. Aliinua mkono nusu. Kisha akafikiri juu ya siku ambayo mtu mbaya atakuja mlangoni akimkuta anacheka na wenzake, mkono umelegea, moyo mweupe. Silaha isiyokubali kushikwa mpaka uwe na hasira haimlindi mtu. Na ikishazoea kuitwa na hasira, ipo siku itaitwa na hasira ya kijinga.

Akaushusha mkono. "Naomba dakika tano na bisibisi," akasema.

"Kanuni inaruhusu?" Mkaguzi akauliza.

"Ukurasa wa arobaini," Mtunza silaha akajibu. Akaitoa silaha mikononi mwa Mlinzi, akafungua silinda, akahakikisha ni tupu, akalegeza skurubu na kumpa vibao viwili.

Hapo ndipo fundi, kwa ile busara inayokuja na mvi, alipopaza sauti kutoka nyuma ya kamba: "Sugua ukutani, mwanangu. Yaondoe matuta."

Mlinzi akamtii mjomba wake. Ukuta wa kiwanja ulikuwa wa saruji isiyolainishwa. Akaweka kibao cha kwanza, akasugua. Akamsugua Msimamizi na herufi zake, akawasugua wale wawili waliocheka, akalisugua jua la wiki nzima na lile lango lisilo na kivuli. Vumbi la kahawia likamwagika juu ya viatu vyake. Akachukua cha pili, akamsugua na fundi mwenyewe. Alipofika dakika ya nne alikuwa anatokwa jasho, mabega yameshuka, na hakuna mtu duniani aliyebaki wa kusuguliwa. Vibao vilikuwa vimekwaruzwa, vimepauka, na ni laini kiunoni kama jiwe la mtoni.

Skurubu ikakazwa. Akashika, na mkono wake ukanyamaza.

Risasi zote sita zikapita kwenye tundu moja. Mkaguzi alivua miwani akaifuta mara tatu, akidhani zile tano nyingine zimepotea. Msimamizi alikaa chini bila kutafuta kiti, na fundi akabebwa juujuu na

Hapa kidole kikatua juu ya karatasi.

Ni kidole cha mpwa, aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti akisoma begani kwa mwandishi. Maana fundi na aliyeandika haya ni mtu mmoja, na safari hii pia hakuna aliyebisha hodi.

"Umebebwa na nani?"

"Na watu," fundi akasema.

"Nilipiga tano. Ya sita iligusa mstari kwa nje."

"Sita zinasomeka vizuri zaidi."

"Zilitakiwa tano, nikapiga tano, nikabaki kazini. Sita za nini?" Kidole kikapanda juu mistari michache, kikasimama. "Na hii hapa? 'Sugua ukutani, mwanangu'?"

Fundi akatafuta miwani yake, nayo alikuwa ameivaa.

"Mjomba. Uliruka kamba."

"Nilivuka."

"Uliruka kamba ukanishika mkono wa sare, mbele ya Mkaguzi, ukisema namuua mtoto wako. Mtunza silaha akakukalisha juu ya ndoo, akakwambia ukiinuka tena anakufungia stoo. Ulikaa pale ukikoroma kama jokofu mpaka nikamaliza. Kutia saini kwenyewe ulitia umefumba macho."

"Vumbi la saruji lilinipata."

"Niliyeamua kusugua ni mimi. Na wewe ndiye uliyekataa. Andika hivyo." Hakupandisha sauti, na fundi akatupa jicho kuelekea mlangoni. Mpwa alikuwa amesimama katikati. "Watu watasoma hapa wajue mjomba aliona, mjomba akasema, mimi nikatii. Miezi mizima mtu mmoja ananinyima silaha yangu, mwingine ananinyima mpini wangu. Nikishayavuka yote mawili, unakuja kuninyima na hili."

Fundi akachukua kalamu. Alitazama karatasi, akakata mstari wa busara na mvi, akaandika juu yake: aliruka kamba. Akakata sita, akaandika tano. Alipotaka kuanza kujieleza pembeni, kalamu ikachukuliwa.

"Bado hujalipa," mpwa akasema. "Wenzangu wanne wana mikono kama yangu, na Mkaguzi ameamuru wote wapewe vibao vipya kabla mwezi haujaisha. Utawachongea. Laini. Hakuna tuta hata la sisimizi. Na udongo hawashiki mpaka watulie. Wa kwanza yuko nje."

Aliyekuwa nje aliitwa Kifupi. Kwa fundi ilikuwa mara ya kwanza wiki nzima kusikia hodi ikipigwa, ila ilipigwa kwa teke. Kifupi akaingia, akavuta kigoda, na kabla hajakikalia vizuri alishaanza: Msimamizi amefanya hivi, Msimamizi amesema vile, na kofia ya sare nayo inamfika machoni, na hakuna anayejali.

Mkono wa fundi ulikwenda kwenye ndoo wenyewe, kwa mazoea. Akaurudisha. Akaufunika udongo kwa kitambaa kibichi, akampa Kifupi maji, akakaa kumsubiri atulie. Kifupi alikuwa na mengi.